Ushahidi wa Jina la Lundamatwe

Vita vya Lundamatwe, ambavyo Mkwawa alimshinda Mwamubambe baada ya Munyigumba kufariki karibu na mwaka 1879, husimuliwa daima kwa namna moja. Mrithi halali alikimbilia Ugogo, akarudi, akamwua mnyang'anyi. Na waliouawa walikuwa wengi hata mahali pale pakaitwa rundo la vichwa. Hivyo jina limefanywa shahidi. Yafaa shahidi huyo ahojiwe.

Kwa upande wa lugha hana kasoro. "Lunda" ni ndugu ya "lundo" la Kiswahili, na "matwe" yatokana na shina la kale la Kibantu lenye maana ya kichwa, ambalo Wagogo nao wanalo katika "mutwe". Lakini maana ya jina ni jambo moja, na sababu ya kupewa ni jambo jingine. Tukio laweza kuzaa jina. Kisa nacho chaweza kukuzwa ili kilifae jina. Tena, hata tukilikubali lote, jina latuambia kwamba watu walikufa, wala halituambii haki ilikuwa kwa nani.

Wenzetu wa Ulaya wanayo mashaka kama haya. Mwaka 1205 Roman, mtawala wa Halych na Volhynia, aliuawa Zawichost akipigana na Leszek na Konrad wa Poland. Jan Długosz, Mpoland, aliyeandika habari ndefu za vita hivyo, aliishi zaidi ya miaka 200 baadaye. Msomaji mwangalifu humlinganisha na tarihi za upande wa pili.

Sisi twalinganisha na nini? Mwaka 1954 fuvu la Mkwawa lilirudishwa Kalenga. Mwaka huo huo kikatoka kitabu cha Mathias Mnyampala, *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*. Fuvu lilimtukuza shujaa mmoja. Kitabu kilihusu watu wenye koo na watemi wengi, wasio na mfalme mmoja. Wasimulizi wa Lundamatwe wamelifuata fuvu. Kwa hiyo Ugogo umekuwa mlango tu: shujaa aingia, shujaa atoka. Hawaulizi nani alimpokea, kwa masharti gani, wala kwa nini Wahehe walikwenda baadaye kuteka ng'ombe wa nchi iliyomhifadhi.

Jibu, kama lipo, litafutwe kwa wazee wa Ugogo, tena kwa Kigogo chenyewe. Katika tafsiri "mtemi", ambaye madaraka yake yalihusu mvua na ardhi, hugeuzwa "mfalme", na ugomvi wa majirani hugeuzwa vita vya madola. Hapo ndipo kosa huanza, kabla hata fuvu la kwanza halijahesabiwa.