Usukani Umelegea: Uhakiki wa Istilahi za Ufundi wa Trekta

Istilahi za ufundi aghalabu hupimwa mezani. Huulizwa kama neno ni la Kibantu, kama latamkika kwa urahisi, na kama linakubali viambishi vyetu. Vipimo hivyo ni vya haki, lakini havitoshi. Neno la ufundi lina mahali pengine pa kupimiwa, napo ni chini ya chombo chenyewe, pale fundi alipolala chali na spana mkononi. Makala haya yanakusudia kuhakiki kwa kipimo hicho istilahi moja, yaani usukani, pamoja na kitenzi kinachoandamana nayo mara kwa mara, yaani kulegea. Hoja yetu ni kwamba maneno haya mawili, kama yanavyotumiwa kwa mazoea katika kufasiri maelezo ya zana za kilimo, hayamwelekezi mtu kwenye kiungo kilichoharibika. Kwa sababu hiyo, yanashiriki katika kuufanya ubovu uleule urudi kila msimu.

Tuchukue mfano wa Suguti. Suguti ni kata iliyoko Musoma, mkoani Mara, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria. Wanaisimu wanalifahamu jina hilo, kwa kuwa limepewa pia kundi la lugha za Kibantu zenye udugu wa karibu, zikiwamo Kijita, Kikwaya na Kikara. Huko, kama ilivyo Bunda na Butiama, kuna wanaolima kwa jembe la mkono, kuna wanaolima kwa plau la maksai, na kuna wanaokodi trekta. Miongoni mwa matrekta hayo yamo madogo ya zamani, yaliyokwisha kupita mikononi mwa wamiliki kadhaa, na ubovu wake unajulikana. Dereva huzungusha usukani karibu robo mzunguko kabla magurudumu ya mbele hayajaitika. Likipita kwenye matuta, magurudumu hayo hutikisika kama yanayotaka kuchomoka. Fundi huitwa, hukaza, na trekta hutulia kwa wiki mbili. Kisha hali hurudi ilivyokuwa.

Hili si jambo dogo. Mvua haimsubiri mwenye trekta, na shamba lililochelewa kulimwa huwa limekwisha kupoteza sehemu ya mavuno yake. Zaidi ya hayo, trekta hilohilo hufungwa tela na kubeba magunia, na pengine watu, katika barabara iendayo Majita. Kiungo kikikatika hapo, dereva hubaki ameshika usukani usioongoza kitu.

Ili kuuona upungufu wa istilahi, hatuna budi kwanza kukitazama kitu chenyewe. Mwendo wa mkono wa dereva hupita katika hatua kadhaa kabla ya kufika kwenye gurudumu. Kwanza uko usukani anaoushika. Chini yake ipo shafti, ambayo huingia katika boksi lenye meno. Boksi huugeuza mzunguko wa shafti kuwa mwendo wa mkono wa chuma ulioshikamana nalo kwa nje, unaokwenda mbele na nyuma. Mkono huo husukuma na kuvuta fimbo ndefu. Kila ncha ya fimbo ina boljointi, yaani kiungo chenye kitufe cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe chake. Mwisho wa fimbo kuna mkono mwingine, uliofungwa kwenye kingipini ya gurudumu, na kingipini hiyo huzunguka ndani ya bushi. Aidha, ekseli ya mbele yote imening'inizwa katikati kwa pini moja ili iweze kufuata mabonde na miinuko ya shamba.

Baadhi ya matrekta madogo ya zamani yana mikono miwili ya boksi na fimbo mbili, moja kila upande wa injini. Muundo huo ulikuwamo katika trekta la Ferguson TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956. Faida yake ni kwamba mkulima aliweza kuyatanua au kuyakaribisha magurudumu ya mbele kulingana na nafasi ya mistari ya mazao, bila kuivuruga mipangilio ya usukani. Lakini idadi ya viungo vinavyoweza kulika ni kubwa, na kila upande una vyake.

Sasa na tuisome sentensi ambayo mfasiri yeyote wa mwongozo angeweza kuiandika bila kusita: "Iwapo usukani umelegea, kaza usukani." Kisarufi haina kosa. Maneno yake yote ni Kiswahili fasaha, na mkaguzi wa lugha ataipitisha. Hata hivyo haimwambii fundi lolote. Usukani upi? Kama ni ule anaoushika dereva, basi atakaza nati iliyo katikati yake. Kama ni boksi, ataishika skrubu ya kurekebishia. Kama ni mfumo wote, atakaza kila anachokiona.

Mara nyingi atakayoishika ni skrubu ya boksi, kwa kuwa iko juu na inafikika. Hapo ndipo madhara huanza. Meno ya boksi hulika zaidi pale katikati, kwani trekta huenda moja kwa moja kwa muda mrefu kuliko linavyokata kona. Skrubu ikikazwa mpaka ulegevu wa katikati uishe, meno ya pembeni ambayo hayajalika hubanana, na usukani huwa mgumu kwenye kona. Na iwapo kilicholika hasa ni boljointi au bushi ya kingipini, boksi limeteswa bure, na ubovu uko palepale.

Kosa la pili liko katika kitenzi. Kulegea kuna dawa yake, nayo ni kukaza. Nati iliyolegea hukazwa na kuwekewa pini mpya ya kuizuia, wala si msumari uliookotwa. Lakini chuma kilicholika hakina cha kukazwa. Kimepungua, na dawa yake ni kubadilishwa. Kamba iliyolegea ukiikaza itafaa. Kamba iliyolika ukiikaza utaharakisha kukatika kwake. Kiswahili kinazo tofauti hizi tayari. Tuna kulegea, kulika, kupinda, kukwama na kukatika, na kila kimojawapo kinadai tendo lake. Tena tuna kitenzi cha kutaja dalili bila kuhukumu chanzo, nacho ni kucheza: jino linacheza, panga linacheza kwenye mpini. Mwananchi asemapo kwamba usukani unacheza, ametoa habari ya kweli na hajaamua bado kama pana nati ya kukaza au kiungo cha kubadilisha. Mfasiri aandikapo kwamba umelegea, amekwisha kuamua, naye hajaliona trekta.

Pengine msomaji atauliza kwa nini tusiyafuate tu maneno ya gereji. Jibu ni kwamba nayo yanahitaji kuhakikiwa. Neno stelingi, lililoenea kila mahali, lina ugonjwa uleule wa usukani: ni kile anachokishika dereva, na pia ni mfumo mzima. Kinacholiokoa ni kwamba mafundi huliongezea maneno mengine, wakasema stelingi boksi walipotaka kutaja boksi. Tairodi nalo hutumika kwa upana mno. Kwa asili ni fimbo inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto, lakini wapo waitao hivyo fimbo yoyote ya mbele, na hata boljointi iliyo kwenye ncha yake. Mtu wa Suguti akipiga simu dukani Musoma au Mwanza na kuagiza tairodi ya trekta lisilokuwa na tairodi, asishangae akiletewa kipuri kisichoingia. Kwa hiyo ukopaji peke yake si dawa. Neno la kukopa lisilowekewa mpaka linapotosha sawasawa na neno la asili lisilowekewa mpaka.

Mfano mwema tunao katika lugha yenyewe. Usukani ni neno la baharini, lenye asili ya Kiarabu, na mabaharia wa pwani hawakuuachia ufanye kazi zote. Walikuwa na msukani, yaani ubao unaokata maji. Walikuwa na kana, yaani mkono wa kuugeuzia. Na walikuwa na ujari, yaani kamba iliyofungwa kwenye mkono huo ili kuuvuta. Nahodha aliyetaka kamba ikazwe hakuhitaji kusema kwamba msukani umelegea. Hali kadhalika plau la maksai: lina nira, mnyororo, mikono na gurudumu, na mkulima wa Mara hachanganyi nira na mnyororo. Ni sisi waandishi wa istilahi tuliolichukua jina la sehemu moja ya jahazi na kulitandaza juu ya mashine nzima.

Je, tufufue basi kana na ujari kwa ajili ya trekta? Kwa kufuata ngazi inayojulikana ya kuunda istilahi, ambayo huanza na Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, ndipo lugha za kigeni, ujari ungestahili kutangulia. Hata hivyo hatupendekezi hivyo. Msomaji tunayemwandikia huko Suguti ana Kikwaya au Kijita kama lugha ya kwanza, na hana sababu ya kulijua neno la jahazi. Ngazi ile ni mwongozo wa kutafutia maneno. Haikuwekwa ili kumnyima mtumiaji neno alilokwisha kulizoea na linalofanya kazi.

Sababu kubwa ya kutaka majina mbalimbali inaonekana katika namna ubovu huu unavyotafutwa. Kazi hiyo hufanywa na watu wawili. Mmoja hukaa kitini na kuugeuza usukani kidogo kidogo, kulia na kushoto. Mwingine huinama na kutazama kila kiungo kwa zamu, au kukishika kwa mkono. Pale mwendo unapoingia na kutotoka, hapo ndipo penye ubovu. Kisha huinua gurudumu kwa jeki na kulitikisa ili kuzipima bushi za kingipini. Uchunguzi huu wote ni mazungumzo. Aliye chini hana budi kumwambia aliye juu kilichocheza, na kesho yake mwenye trekta hana budi kumwambia muuza vipuri. Wakiwa na neno moja tu, ugunduzi wao hautatoka pale walipo.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri na walimu wa shule za ufundi. Usukani utumike kwa kile anachokishika dereva, na mfumo wa usukani kwa mkusanyiko wote. Boksi la usukani likubaliwe badala ya sanduku la usukani, kwa kuwa giaboksi imekwisha kuzoeleka, na sanduku humletea msomaji picha ya mbao. Mkono wa boksi uwe ule unaotoka kwenye boksi, na fimbo ya usukani iwe ile inayotoka kwenye mkono huo kwenda kwenye gurudumu, ikitajwa kama ni ya kulia au ya kushoto. Tairodi ibaki kwa fimbo inayounganisha gurudumu na gurudumu, wala isitajwe pale ambapo trekta halina fimbo hiyo. Boljointi, kingipini na bushi ziachwe kama zilivyo, kwani ndiyo majina atakayoulizwa mwananchi dukani. Mara ya kwanza zitajwapo, zifuatwe na maelezo mafupi ya Kiswahili na mchoro. Mwisho, kulegea kusitumike ila kwa kitu kinachoweza kukazwa.

Tahadhari hii yahusu zana nyingine pia. Baada ya azimio la Kilimo Kwanza la 2009, pawatila zilisambazwa katika halmashauri nyingi. Pawatila haina usukani. Mwendeshaji hutembea nyuma yake akishika mikono miwili, na hukata kona kwa kuibana klachi ya upande anaotaka kugeukia. Mfasiri atakayeandika usukani humo kwa sababu tu asilia inazungumzia kuongoza chombo, atamfanya msomaji atafute kitu kisichokuwapo.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipofasiri tamthilia ya Shakespeare na kuiita Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alichagua neno pana kuliko mfanyabiashara, na upana huo ukaipa kazi yake maana ya ziada. Hiyo ni haki ya mfasiri wa sanaa. Mfasiri wa mwongozo wa matengenezo hana haki hiyo. Kwake, neno pana ni mzigo anaotupiwa mtu mwingine aubebe.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 27 ya 1967, lina wajibu wa kusanifisha istilahi, na vijitabu vyake vya Tafsiri Sanifu vilivyoanza kutolewa katika miaka ya 1970 vilionyesha kwamba kazi hiyo yawezekana. Lililobaki ni kuongeza hatua moja. Kabla orodha ya istilahi za zana haijapitishwa, na ipelekwe kwa mafundi wa gereji walau katika wilaya mbili zilizo mbali na pwani. Kila istilahi isomwe kwa sauti, na fundi aombwe kugusa kitu kilichotajwa. Ambapo mikono miwili itagusa vitu viwili tofauti, istilahi hiyo irudishwe mezani.