Majira ya Machipuko katika Mashairi ya Wanafunzi wa Lualaba

Makala haya mafupi yametokana na kazi ya kusahihisha. Tuliwapa wanafunzi wetu zoezi la kutunga tarbia yenye beti tano juu ya majira yanayowavutia. Karibu nusu yao walisifu "majira ya machipuko": theluji imeyeyuka, ndege wamerejea, Aprili imefungua maua. Watunzi hao wamezaliwa Kolwezi, Kasaji na Dilolo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga theluji.

Lawama ya kwanza huangukia vitabu vya kusomea vya Kifaransa, na ni lawama ya haki, ingawa imekwisha kusemwa mara nyingi. Ya pili haijasemwa vya kutosha, nayo inaihusu arudhi yetu wenyewe. Msomaji na ahesabu: ma-ji-ra-ya-ma-chi-pu-ko. Ni mizani nane kamili, yaani ukwapi mzima wa tarbia, tena wenye kina cha -ko kinachopatana na "huko", "mwamko" na "mzunguko". Mwanafunzi anayehangaika na hesabu hupewa nusu ya mshororo bure, na akishaupokea huona haya kuurudisha. Amri Abedi alipochapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954 alitufundisha kupima, wala hatumlaumu kwa kile tunachokitia katika kipimo.

Wenzetu wengine hushauri kwamba mwanafunzi aachane na Ulaya, ashike majina ya majira ya pwani. Ushauri huo hautufikishi mbali. Masika ya pwani ni mvua kubwa za Machi hadi Mei, na vuli ni mvua ndogo za mwisho wa mwaka. Lualaba ina kipindi kimoja kirefu cha mvua, kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili. Basi Aprili ile ambayo mwanafunzi anaifungulia maua, kwetu mvua zinaaga na nyasi zinajiandaa kukauka. Kulitoa kosa Paris na kulipeleka Mombasa si kulisahihisha.

Machipuko yetu yapo. Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, jua likiwa kali kupita wakati wowote na vumbi limetanda, miti ya miombo hutoa majani mapya kabla ya tone la kwanza la mvua. Hunywa maji iliyoyaweka shinani na yale yaliyobaki chini sana ardhini. Tena majani hayo hayaanzi na rangi ya kijani, bali huanza mekundu kama shaba iliyotoka kusuguliwa. Katika nchi ambayo kwa miaka mingi, tangu 1971 hadi 1997, mkoa wake uliitwa Shaba, mtu angedhani mfano huo umechoka kwa kutumiwa. Katika tungo tulizosahihisha haukuwamo hata mara moja.

Hapa ndipo linapoingia suala la safari. Uhusiano wa machipuko na safari ni wa zamani katika fasihi za dunia. Chaucer anafungua hadithi zake za Canterbury kwa mvua ya Aprili inayowaamsha watu kwenda kuhiji. Bashō aliondoka Edo katika machipuko ya mwaka 1689. Kwao majira ya baridi yalikuwa yamefunga njia, na machipuko yakaifungua. Kwetu mambo ni kinyume. Jani jekundu huja barabara ikiwa bado kavu, wiki chache tu kabla ya mvua kuigeuza tope. Kwa hiyo shairi la machipuko ya Lualaba haliwezi kuwa shairi la kufunguliwa. Linapaswa kuwa shairi la haraka.

Nilifahamu hilo kwa bahati. Ijumaa moja ya mwisho wa Septemba nilisikia kwamba lori lingeondoka Kolwezi alfajiri, kupitia Mutshatsha, kwenda Kasaji kuchukua mihogo. Sikuwa nimepanga lolote. Reli ya Tenke hadi Dilolo ipo tangu 1931, lakini msafiri wa ghafla hungoja lori. "Mwalimu, kama unakuja panda sasa," dereva aliniambia, "wiki mbili zijazo usiniulize." Mbele ya Mutshatsha msitu ulikuwa mwekundu pande zote mbili, na chini ya miti hiyohiyo vijana walisukuma baiskeli zenye magunia ya makala. Nilirudi Jumatatu, nimechelewa darasani.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaodai kwamba inatosha kuwatoa wanafunzi nje mwisho wa juma, msukumo ukaja wenyewe. Mwanafunzi wa Dilolo ameyaona majani hayo tangu utoto. Shaaban Robert aliona nchi nyingi kwa kuhamishwa kikazi, Longido na Mpwapwa, bila kuchagua. Jicho halikukosa kitu. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuliita jambo la nyumbani kuwa jambo la shairi, na ruhusa hiyo hutolewa au huzuiwa na sisi tunaoshika kalamu nyekundu.

Tulirudia zoezi, safari hii bila kutaja majira. Binti mmoja alileta beti tano juu ya muombo unaochipua siku ile unayokatwa kwa ajili ya makala. Katika ubeti wa tatu ukwapi mmoja una mizani saba. Mwenzangu alitaka kumpunguzia alama. Mimi nilikataa, kwa kuwa mzani uliopungua umeangukia palepale shoka linapoanguka, na sikuweza kupata neno la kuujaza ambalo halingeuharibu mshororo. Hatujaafikiana.

Lipo pia tatizo la istilahi. Katika Kiswahili tunachokisema darasani hatuna neno moja la majani hayo mekundu, na yule binti alilazimika kutumia manne. Wasomaji wa Sandoa, Kapanga na Dilolo ambao wazee wao wana jina lake, kwa lugha yoyote ya kwao, tunawaomba walilete idarani.