Fundi wa Kivuli na Upepo

Ramani nyingi za nyumba zinazouzwa Dar es Salaam siku hizi hazijui kiwanja kiko wapi. Mteja anachagua picha: vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, stoo, kibaraza kidogo mbele. Fundi anaigeuza picha ielekee barabarani, na msingi unachimbwa. Jua linachomoza wapi na linazama wapi, hakuna aliyeuliza. Familia italilipia swali hilo miaka na miaka, kila inaponunua umeme wa LUKU, kwa sababu chumba cha kulala kimetazama magharibi na ukuta wake unapigwa jua tangu saa nane mchana mpaka adhana ya magharibi.

Nataka kuwasifu wale wanaouliza. Wapo wasanifu majengo waliosomea kazi hii Chuo Kikuu Ardhi, na wapo waashi ambao hawakuingia darasa lolote la usanifu lakini wanajua kuelekeza nyumba. Kazi yao haipigwi picha sana, maana ubaridi hauonekani. Unaingia sebuleni saa saba mchana, unakaa, unasahau joto, na humkumbuki aliyekuwezesha kulisahau.

Mjuzi wa kazi hii huanza na jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri halikai upande mmoja mwaka mzima. Mwezi wa Juni huegemea kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho. Desemba huhamia kusini, lakini hukaa juu zaidi, nyuzi 73 hivi. Ukishayajua hayo mawili, upenu unaupima kwa kalamu na karatasi. Dirisha lenye kimo cha mita moja na nusu, likitazama kaskazini, linahitaji upenu unaotokeza kama sentimita 90 juu yake ili jua la adhuhuri la Juni lisiguse kioo. Upande wa kusini sentimita 50 zinatosha. Hesabu hiyo ni ya sekondari, na faida yake haina mwisho: kivuli hakilipiwi bili, hakiharibiki, hakingoji fundi wa kuja kujaza gesi.

Mashariki na magharibi ni habari nyingine. Huko jua huja chini chini, linapita chini ya upenu wowote utakaojenga na kwenda moja kwa moja mpaka kitandani. Dawa yake ni kuilaza nyumba: pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, pande fupi zipokee jua la asubuhi na la alasiri. Upande wa magharibi weka choo, stoo, ngazi, au ukuta usio na dirisha kabisa. Kiwanja kikikataa, panda mti. Mwembe uliokwisha kukua unauzidi ukuta wowote ninaoujua kwa kazi hiyo.

Kisha upepo. Pwani yetu ina bahati ya pepo mbili zenye ratiba: kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, unaovuma kutoka kaskazini-mashariki, na kusi, unaotawala katikati ya mwaka kutoka kusini-mashariki. Nyumba iliyolazwa kama nilivyosema huzipokea zote mbili kwa mshazari. Lakini upepo hauingii mahali usipoweza kutoka. Chumba chenye dirisha moja ni chupa. Ndiyo maana fundi mzuri hutafuta ukuta wa pili wa kutoboa, na ikishindikana huacha matundu juu ya mlango ili hewa ivuke hadi chumba cha ng'ambo. Hapo ndipo dirisha la alumini la kusukuma linaponiudhi. Linapendeza, halipigi kelele, ila hufunguka nusu tu. Nusu ya pili ni kioo juu ya kioo. Weka na wavu wa mbu, upepo unaobaki ni wa kubembelezwa. Dirisha la mbao la vibao vya mshazari, kama yale ya zamani ya Unguja na Mombasa, huachia hewa, huzuia jua, humficha mwenye nyumba asionekane na wapita njia, yote kwa pamoja, hata likiwa limefungwa.

Joto la pwani ni la unyevu. Jasho halikauki upesi, na mwili hujipoza vizuri pale tu hewa inapogusa ngozi na kuondoka. Kwa hiyo siku upepo ukilala, pangaboi la dari hutosha kwa nyumba iliyojengwa vizuri. Pangaboi hutumia wati 60 au 70 hivi. Kiyoyozi cha chumba cha kawaida hufika wati 1,000. Tofauti hiyo, mara saa nane za usiku, mara vyumba vitatu, ndiyo fundi anayokuokolea pale anapokusisitizia dirisha la pili.

Paa ndilo linalobeba mzigo mkubwa. Mapema Machi, na tena kuelekea katikati ya Oktoba, jua la Dar es Salaam hupita utosini, na siku hizo ukuta haupati taabu kama bati. Mabati ya rangi ya damu ya mzee au kijivu cha mkaa yamekuwa fasheni, na rangi za giza hunywa joto. Chini yake kuna dari ya jipsamu, na katikati hewa iliyofungiwa inayochemka mchana kutwa na kukushukia usiku. Bati jeupe, matundu chini ya upenu na mengine karibu na kofia ya paa ili hewa moto ipande na kutoka: gharama yake ya ziada ni ndogo. Siku hizi kuna pia nyumba za paa lililofichwa nyuma ya ukuta, zisizo na upenu hata wa kiganja. Picha zake zinavutia. Mimi nazihesabu kuwa kosa kwa pwani, maana zinaacha kuta uchi mbele ya jua na mbele ya masika.

Wazee wetu hawakuwa na ramani za kununua. Tembea Lamu, au Mji Mkongwe wa Zanzibar, miji ambayo UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia, Mji Mkongwe mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba nyumba moja humtilia kivuli jirani. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nene karibu nusu mita. Ukuta wa namna hiyo huchukua saa nyingi kupitisha joto. Linapofika ndani, jua la mchana limekwisha kwenda. Dari zinabebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti moja haivuki upana mkubwa, vyumba vilitoka vyembamba na virefu. Upana wa sebule uliamuliwa mikokoni. Boriti hizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Oman na Ghuba, zikapima vyumba vya huko pia.

Kinachonivutia zaidi ni chokaa. Matumbawe yalichomwa tanurini, chokaa ikazimwa kwa maji, ikaachwa itulie, kisha ikachanganywa na mchanga. Tanuri la chokaa linahitaji joto la nyuzi 900 hivi za sentigredi. Saruji huhitaji karibu 1,450. Tena chokaa inapokauka ukutani huivuta na kuirudisha sehemu ya hewa ukaa iliyoitoa tanurini. Na ukuta wake hupitisha unyevu: maji ya mvua yanaingia kidogo, yanatoka kwa upepo. Simama mbele ya ukuta wa zamani uliokarabatiwa kwa saruji uone tofauti. Ripu ya saruji imefura, imepasuka mistari, ukiigonga inatoa sauti ya kitu kilicho wazi ndani. Ukibandua kipande, nyuma yake chokaa ya kale imekuwa unga wenye majimaji na chumvi. Saruji imeufungia unyevu ndani, na unyevu umekula ukuta. Aliyeipaka alidhani anaimarisha.

Sisemi turudi kuchimba matumbawe. Miamba ya bahari tunaihitaji hai, na mikoko vilevile. Ninachotaka tukirithi ni ule utaratibu wa kutazama mahali kwanza. Wagogo wa Dodoma, kwenye jua kali na usiku wa baridi, walijenga tembe: paa bapa la miti lililofunikwa udongo mzito, linalochelewesha joto la mchana lifike usiku linapohitajika. Nyumba hiyo ukiipeleka Tanga haifai. Ipo ya Tanga. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi nao umehimiza tofali za kufungamana, za udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo, zisizochomwa kwa kuni hata kidogo. Nimeziona zikidharauliwa kama za maskini, na sielewi kwa nini.

Wapo pia wakubwa wa kazi hii. Beda Amuli alipobuni Soko la Kariakoo, lililokamilika katikati ya miaka ya 1970, aliliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege inayotia kivuli, kupitisha hewa na kukusanya maji ya mvua. Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyepata Tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alijenga chuo cha vijana kando ya Ziwa Turkana chenye minara mirefu kama vichuguu: hewa moto hupanda na kutoka juu, hewa safi huingia kwa matundu ya chini. Turkana, mahali ambapo wengi wangeanza kwa kuagiza viyoyozi.

Basi wewe mwenye kiwanja ambaye hujamwaga zege, nenda pale saa kumi alasiri, usimame mahali ambapo ramani imeweka kitanda chako. Tazama jua linakupiga upande gani. Sikiliza upepo unatoka wapi. Mti uliopo usiukate kabla ya kuhesabu kivuli chake. Kisha mwite mchora ramani, umwulize Desemba jua litakuwa wapi saa hiyo hiyo, na hewa itaingilia wapi na kutokea wapi. Akishindwa kukujibu, usimlipe, tafuta mwingine.