Vinubi vya Uru na Waliovipiga

Uru wa Wakaldayo twaujua kama mji alioutoka Ibrahimu (Mwanzo 11:31). Wataalamu wengi huutambua katika magofu yaliyo kusini mwa Iraki, ambako Leonard Woolley alichimba kati ya 1922 na 1934. Katika makaburi ya wakuu wa mji, ya miaka 4,500 hivi iliyopita, alikuta vinubi. Mbao zake zilikuwa zimeoza. Akamimina plasta katika uwazi zilioacha, ndipo umbo likaonekana tena. Leo vinubi hivyo vimo katika makumbusho ya London, Philadelphia na Baghdad.

Tukivipima kama kazi ya sanaa, vinastahili sifa. Kinubi kimoja cha Philadelphia kina kichwa cha fahali cha dhahabu, chenye ndevu za jiwe la buluu lililotoka mbali, Afghanistan. Lakini kwa maoni yetu uzuri wake mkubwa uko chini ya ndevu hizo, katika ubao wa kombe la bahari: punda anapiga kinubi, dubu amekishikilia. Fundi huyo alijua kucheka. Kinubi cha fedha cha London kilikuwa na nyuzi 11, na kila uzi ulihitaji sikio la mtu aliyefundishwa.

Mtu huyo yuko wapi? Kinubi hicho cha fedha kilitoka katika shimo lenye miili 74, na 68 kati yake ni ya wanawake. Yaonekana walizikwa ili wamfuate mkuu wao. Woolley aliamini kwamba walikunywa sumu kwa utulivu. Uchunguzi wa baadaye wa mafuvu mawili ya makaburi hayo ulionyesha kwamba watu hao walipigwa kichwani. Mwanamke mmoja alikuwa na utepe wa fedha ungali umekunjwa, kana kwamba hakuwahi kuuvaa. Dhahabu imetunzwa, jina lake halipo.

Maandiko huenda njia nyingine. Mwanzo 4:21 humtaja Yubali kwanza, kisha kinubi. Na 1 Mambo ya Nyakati 25 huorodhesha wana wa Asafu, Yeduthuni na Hemani mmoja mmoja, na kuhesabu waimbaji 288. Vyombo vyao vyatajwa kwa neno moja moja tu. Watu wana majina.

Kwa hiyo vinubi vya Uru vyatuuliza swali, wapendwa. Kinanda kipya hupokelewa kwa harambee na vigelegele, kikafunikwa kitambaa na kufungiwa. Je, nani huuliza mpigaji amepata wapi nauli, au mama wa sauti ya pili aliyekosa mazoezi majuma matatu ana hali gani? Mungu aliyemtoa Ibrahimu katika mji ule ndiye aliyeuzuia mkono wake juu ya Isaka. Hataki sifa inayomzika mtu. Mwimbaji asipoonekana Jumapili, tumtafute kwa jina lake.