Hesabu ya Ben Jipcho

Kiunzi cha mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji hakianguki. Ukikigonga kwa goti, anayeanguka ni wewe. Ni boriti nene iliyoinuliwa sentimita 91.4 kutoka ardhini, yenye uwezo wa kubeba mtu mzima akiikanyaga, na mkimbiaji huikuta mara 28. Juu ya hizo kuna kidimbwi cha maji, ambacho huvukwa mara saba. Jumla ni vizuizi 35, na baina ya kimoja na kingine hakuna nafasi ya kupumzika.

Kazi ya kuvivuka huanza machoni. Mita kadhaa kabla ya boriti, jicho linapima: nimebakiza hatua ngapi, na nitaruka kwa mguu upi? Anayechelewa kupima hulazimika kukata hatua, kasi ikapotea. Anayeruka juu mno hukaa hewani bure. Penye maji, unyayo hugusa ukingo wa boriti, kiwiliwili kikabaki chini, kisha mguu husukuma kwenda mbele, si kwenda juu, ili mtu atue kule ambako sakafu ya kidimbwi inapanda na kina kinapungua. Mguu wa pili ukanyage pakavu. Haya yote hufanyika katika msongamano, mgongo wa mwenzako ukikuziba usione boriti mpaka uifikie.

Tarehe 19 Juni 1973, mjini Helsinki, Mkenya Ben Jipcho alizikimbia mbio hizo kwa dakika 8 na sekunde 19.8, rekodi ya dunia. Siku nane baadaye, katika jiji hilohilo, akazikimbia tena: 8:13.91. Kukata karibu sekunde sita katika rekodi yako mwenyewe kabla majuma mawili hayajaisha ni jambo la kustaajabisha, lakini mimi kinachonivutia zaidi ni hesabu nyingine. Rekodi ya dunia ya mita 3,000 bila kizuizi chochote ilikuwa wakati huo 7:37.6, ya Emiel Puttemans wa Ubelgiji. Tofauti yake na muda wa Jipcho ni sekunde 36 na kidogo. Zigawe kwa vizuizi 35. Ukimlinganisha na mtu aliyekuwa na kasi kuliko wote duniani kwenye njia tupu, kila boriti na kila kidimbwi vilimgharimu Jipcho sekunde moja hivi. Huo ndio ufundi wenyewe.

Alizaliwa mwaka 1943 katika Mlima Elgon, miongoni mwa Wasabaoti, upande ambao leo ni Kaunti ya Bungoma. Mkazi wa Kitale huuona mlima huo magharibi yake. Wa Bungoma mjini huuona kaskazini. Watu wakieleza wakimbiaji wa huko hutaja hewa nyembamba na miinuko, na hawasemi uongo. Ila hewa haimfundishi mtu kupima hatua mbele ya boriti, wala haimwambii lini atoe nguvu na lini azitunze. Hayo hujifunzwa.

Kwa nguvu zake Jipcho alikuwa mhasibu, na dunia ilianza kumwona hivyo akizitumia kwa ajili ya mwingine. Katika fainali ya mita 1,500 ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, alitoka mbele kwa fujo na kumaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56 hivi, kwenye mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Mkenya mwenzake, Kip Keino, akaichukua kasi hiyo, na Jim Ryun wa Marekani, ambaye kasi yake ya kumalizia iliogopwa na kila mtu, akabaki nyuma kiasi cha kutomfikia tena. Keino dhahabu, 3:34.9. Jipcho wa 10. Miaka minne baadaye, Munich, walikutana kwenye viunzi, na Keino akamtangulia tena kwa sekunde moja: 8:23.6 kwa 8:24.6.

Halafu ikaja Christchurch, New Zealand, mwanzoni mwa 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alishinda viunzi. Akashinda mita 5,000 kwa 13:14.4, Brendan Foster wa Uingereza akiwa sehemu mbili tu za kumi za sekunde nyuma yake. Na baada ya mizigo yote hiyo miguuni akaingia fainali ya mita 1,500, mbio ambazo Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza tangu mlio wa bastola na kuweka rekodi ya dunia, 3:32.16. John Walker wa New Zealand akawa wa pili. Jipcho wa tatu, 3:33.16, karibu sawasawa na rekodi ya zamani ya Ryun ambayo Bayi alikuwa ameivunja dakika hiyohiyo. Wengi hukumbuka mbio zile kwa ajili ya Bayi, na wana haki. Mimi humtazama huyu wa tatu.

Mwaka huo akaamua kulipwa. Enzi hizo mwanariadha aliyepokea pesa alifungiwa Olimpiki, hivyo uamuzi haukuwa mdogo. Alijiunga na mashindano ya kulipwa ya International Track Association kule Marekani, ambako mshindi wa kila mbio alipata dola 500. Jipcho akakimbia maili na maili mbili katika usiku mmoja. Alijua kuigawa nguvu yake mara mbili, na sasa hesabu ileile ilimletea mapato. Chama hicho kilivunjika mwaka 1976. Kwenye Olimpiki ya mwaka huo, Montreal, Kenya haikushiriki, kwa hiyo medali ambayo huenda aliiuza hakuna Mkenya aliyeipata.

Alifariki Julai 2020. Mwaka uliofuata, Tokyo, Peruth Chemutai wa Uganda alishinda dhahabu ya wanawake ya viunzi na maji kwa 9:01.45, akiwa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kuwa bingwa wa Olimpiki. Anatoka Bukwo, kwenye mteremko wa mlima uleule wa Elgon, ng'ambo ya mpaka wa Suam kwa anayetoka Kitale kupitia Endebess.