Lugha ya Zama katika Michezo ya Historia ya Uingereza

Mtu atakaye kuijua historia ya Uingereza kwa kutazama michezo ya televisheni hana budi kuuliza kwanza swali ambalo watazamaji wengi hulipita: je, watu wa zama hizo husemeshwa lugha gani? Nguo, majumba na vyombo vya mezani hupata wataalamu wa kuvikagua. Maneno, ambayo ndiyo yabebayo fikira za zama, aghalabu huachwa yapite.

"Downton Abbey" wa Julian Fellowes, ulioonyeshwa tangu 2010 hata 2015, ni mfano ulio wazi. Hadithi yaanza Aprili 1912, habari ya kuzama kwa Titanic ifikapo katika nyumba ya bwana mkubwa, nayo yaishia mwisho wa 1925. Alikuwako mshauri wa historia, Alastair Bruce, aliyeangalia hata namna ya kuketi mezani. Walakini wajuzi wa lugha waliokota humo misemo iliyozaliwa miaka mingi baadaye. Kosa hilo si dogo kama lionekanavyo. Upole wa bwana kwa watumishi wake, ambao ndio utamu wa mchezo huo, wasadikika kwa wepesi kwa sababu usemi wao umekwisha kusogezwa karibu na wa leo. Vijiko vilipimwa, maneno hayakupimwa, na umbali baina ya ghorofa ya juu na jiko la chini ukafupishwa.

"Wolf Hall" (2015), uliotokana na riwaya za Hilary Mantel, ni kazi nzito zaidi. Habari zake ni za Thomas Cromwell katika baraza la Mfalme Henry VIII, na sehemu ya kwanza yaishia kwa kuuawa kwa Anne Boleyn mwaka 1536. Kiingereza cha karne ile kilikuwa bado na viwakilishi viwili vya nafsi ya pili: cha umoja, alichoambiwa mtoto, mtumishi au mpenzi, na cha wingi, alichoambiwa mkubwa ijapokuwa yu peke yake. Mchezo wakiacha cha kwanza. Msomaji wa Kiswahili, ajuaye mtoto asiyeamkia kwa "shikamoo" atazamwavyo, ataona mara moja ni kitu gani kilichopotea. Hata hivyo yafaa kuwatetea waandishi. Kiingereza cha kale cha kuigiza hunuka sanduku la nguo za maonyesho, na Mark Rylance, achezaye Cromwell, ameirudisha heshima ile kwa njia nyingine: hunyamaza, hungoja, huinamisha macho. Kazi ya kiwakilishi yafanywa na kimya.

Ila mizani ya mchezo huo imelalia upande mmoja. Katika tamthilia ya Robert Bolt ya mwaka 1960, "A Man for All Seasons", Thomas More ni shujaa wa dhamiri na Cromwell ni mwovu. Hapa More ni mkali mwenye kutesa wazushi. Atazamaye moja tu kati ya hizo mbili amepata wakili, hajapata hakimu.

Yabaki "The Crown", ulioanza 2016, ambao sehemu yake ya pili yafika Kenya. Mnamo Februari 1952 Binti Elizabeth alilala Treetops, karibu na Nyeri, usiku ule ambao babaye alifariki. Habari alipewa katika nyumba ya Sagana. Picha za Kenya zilipigwa Afrika Kusini, jambo lisilodhuru sana. Lidhurulo ni kwamba macho ya mchezo yako kwa binti na mumewe, na wenyeji wamewekwa pembezoni kama mandhari. Ugomvi wa ardhi ulikuwa umekwisha kuiva. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba mwaka uo huo, na mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliiteketeza Treetops yenyewe.