Kupandisha Injini

Fundi wa kushusha injini utampata kila gereji. Spana zikiwepo na kijana mwenye nguvu, Hilux ya 2L huvuliwa injini bila maajabu. Mimi namsifu anayeipandisha, maana hapo ndipo ufundi huonekana, na hapo ndipo vidole hupotea.

Injini ile ya silinda 4 ina zaidi ya kilo 150. Fundi makini hafungi mnyororo kwenye manifoldi. Anaufunga kwenye masikio ya kunyanyulia, na bolti za masikio hayo amezikaza mwenyewe. Kisha anafukuza watu. Hakuna kupitisha mkono kati ya injini na chesisi, hata kama nati imedondoka. (Na mwembe wa gereji ubaki kuwa wa kivuli, tawi si winchi.)

Utamu wenyewe uko kwenye klachi. Pleti hubanwa kati ya flaiwili na preshapleti, na shafti ya giaboksi sharti ipenye katikati yake mpaka ncha ikae kwenye beringi ndogo nyuma ya krankishafti. Pleti ikikaa upande kidogo tu, haipenyi. Ndiyo sababu kwenye sanduku la fundi huyu utakuta kipande cha shafti kuukuu ya giaboksi, kimekatwa, kinang'aa kwa kushikwashikwa. Anakichomeka, anaisawazisha pleti, ndipo anakaza preshapleti.

Ikibaki nafasi ya kidole kati ya injini na giaboksi, mwenye pupa huvuta kwa bolti. Zitavuta kweli, na zitapasua sikio la giaboksi au kuharibu pleti. Huyu wetu anatia gia, anamwambia kijana azungushe puli ya mbele kwa spana, naye anasukuma kwa bega, jeki ikiibeba giaboksi. "Bado. Bado. Hapo!" Meno yanakutana na injini inaingia yenyewe.

Waya wa ethi hausahau. Ukikosekana, umeme wa stata hutafuta njia kwenye kebo ya mafuta na kuiunguza. Kabla ya kuwasha anachomoa waya wa pampu ya dizeli, anapiga stata hadi taa ya oili izimike, kisha anaurudisha na kutoa upepo kwa mkono kwenye filta. Injini ikishika, wenzake wanashangilia. Yeye yuko chini na tochi, anatafuta panapovuja.